Namba Yangu Kwenye Akaunti za Watu

Walisema sitamaliza msimu mmoja wa pamba. "Katoka Kimali kuchunga ng'ombe, kaenda Dar es Salaam kusoma, sasa karudi Bariadi kuuza dakika," alisema fundi cherehani wa baraza la jirani, na wote waliokaa pale wakacheka. "Dakika za nani? Kwani hapa nani kakwambia amepungukiwa na dakika?" Mwenye mashine ya kusaga aliapa kwamba nikifikisha mwaka wa pili atakunywa mafuta ya mashine yake. Nilifikisha mwaka wa kumi na sita. Mafuta hakunywa, na sikumdai.

Waliniita Diploma. Mwanzoni ilikuwa kejeli, kwa sababu nilitundika stashahada yangu ya kompyuta ukutani ndani ya fremu ya kioo, juu ya meza ya kulipia, mahali ambapo wengine hutundika picha ya harusi. Baadaye likawa jina, na hata watoto wa mdogo wangu waliniita hivyo. Sioni haya kusema kwamba katika mji mzima hapakuwa na mtu mwingine aliyeweza kuifungua kompyuta, kuisafisha vumbi, kuirudisha na ikawaka. Nilijifunza bila mjomba ofisini na bila barua ya mtu yeyote.

Ninawaandikia ninyi mnaokaa leo kwenye steshenari na maduka ya simu, mnaofungulia watu akaunti huku mnatafuna karanga. Mimi hakuna aliyenipa barua ya kustaafu. Nimejistaafisha, baada ya wateja kunistaafisha.

Mtaji wangu ulikuwa na miguu minne. Mjomba wangu wa Kimali alinipa ng'ombe wawili niuze. Wa tatu, mtamba mwekundu, alinipa Mzee Luhende wa Migato, mkulima wa pamba aliyekuwa rafiki wa marehemu baba yangu. Nilimfuata asubuhi, nikamkuta zizini.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka. Hicho unachotaka kununua, kinakula majani?"

"Hapana, baba. Kinakula umeme."

"Basi kitakufa na njaa. Umeme wa hapa naujua." Akacheka mpaka akashika nguzo ya zizi. Kisha akamtoa yule mtamba, akampa binti yake Minza, wa darasa la pili wakati ule, amshike kamba. "Sitaki hela," akasema. "Hela nitazila. Nirudishie mtamba kama huyu, siku utakayoweza."

Chumba na meza nilikopeshwa na Mama Kulwa, mpiga chapa wa zamani ambaye vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa taipureta. Kompyuta zilikuwa sita, za mtumba. Siku ya kwanza tatu ziliwaka. Siku ya pili umeme ulikatika saa tatu asubuhi na kurudi wakati nafunga mlango, nikakaa siku nzima nikiwaeleza waliokuja kuchungulia kwamba intaneti ipo, ila haionekani. Fundi cherehani alifurahi sana siku ile.

Mama Kulwa ndiye aliyenifundisha kazi. Chuo kilinifundisha mashine. Yeye alinifundisha kukaa ubavuni mwa mteja, nisikae mbele yake kama hakimu. Alinifundisha kumsomea mteja kila neno kwa sauti kabla ya kutuma, kwa sababu wengi waliona haya kusema hawajui kusoma haraka, na wengine hawakujua kabisa. Alinifundisha kwamba mtu aliyekuja kuandika barua ya kuomba kazi apewe kiti kisichoyumba.

Watu wa wakati ule walikuja na karatasi. Hicho ndicho ninachokikumbuka kuliko vyote. Mtu alitoka kijijini na kikaratasi mfukoni, kimekunjwa mara nne, ameandika alichokuja kutafuta: matokeo ya mtoto, dawa ya ugonjwa wa kuku, anwani ya chuo. Alilipia nusu saa na kuitumia yote. Akipata jibu, alikigeuza kile kikaratasi na kulinakili nyuma. Mzee mmoja alikuja kutafuta jinsi ya kutibu kwato za ng'ombe. Alipopata aliniambia niitazame ile skrini pamoja naye, tukae kimya kidogo, kama watu waliofika nyumbani kwa mkubwa.

Nilikuwa na kaunta buku la jalada gumu jeusi. Humo niliandika kila akaunti ya barua pepe niliyofungulia mtu: jina lake, anwani, na nywila. Msishtuke. Mnashtuka kwa sababu hamkuwepo. Mtu akipewa nywila aiandike kwenye kiganja, ilifutika kabla hajavuka barabara. Walisema wenyewe, "Kaa nayo wewe, Diploma." Mji mzima uliniachia funguo zake, na sikuwahi kusoma barua ya mtu. Hilo nalisema mbele ya yeyote.

Lakini kuna kitu kimoja nilikifanya ambacho Mama Kulwa alinikataza.

Akaunti inapofunguliwa, inataka namba ya simu, ili mwenyewe akisahau nywila, au akiingia kwa chombo kigeni, itumwe meseji ya namba sita za kumthibitisha. Mimi nilijaza namba moja kwa watu wote, namba ya laini ya ofisi yangu, ile niliyoiandika kwa kalamu nene juu ya jalada la kaunta buku.

"Weka ya mtu mwenyewe," aliniambia Mama Kulwa, amesimama nyuma yangu.

"Wengi hawana laini, mama. Wenye nazo wanabadilisha kila mwezi."

"Basi weka ya mkewe. Weka ya mtoto wake. Hiyo ni yako."

"Si wakikwama watakuja kwangu?"

"Ndicho unachotaka," akasema, akaenda kukaa kwenye kiti chake.

Ndicho nilichotaka. Nilitaka kila aliyekwama katika mkoa huu aje mlangoni kwangu, chini ya ile stashahada. Nilikuwa nimechekwa, na hiyo ilikuwa namna yangu ya kuhakikisha kwamba hawatacheka tena.

Mama Kulwa alifariki miaka michache baadaye. Watoto wake waliniacha niendelee na chumba.

Simu janja hazikuingia kwa kishindo. Kwanza alikuja kijana mmoja kuchaji simu ya kugusa, akakaa nayo nje kwenye ngazi, anaitelezesha kidole. Wiki iliyofuata walikuwa watano kwenye ngazi ile ile, wakitumia intaneti yangu kupitia ukutani, hawaingii ndani. Nilipobadilisha nywila ya mtandao walihamia baraza la fundi cherehani wakanunua bando. Bando la saa moja, bando la siku. Nilikuwa nimechekwa kwa kuuza dakika, na sasa dakika zilikuwa zinauzwa kila kibanda, na hakuna aliyecheka.

Nitasema haki. Bibi asiyejua kusoma sasa anabonyeza na kumtumia mjukuu wake sauti kwa Kisukuma, na anajibiwa kwa Kisukuma. Kompyuta zangu hazikuwahi kumpa hilo. Wakulima wanapeana bei kwenye magrupu kabla jua halijapanda. Mimi ni mjivuni, lakini si kipofu.

Ila niliona pia jambo jingine, na niliona nikiwa peke yangu kwa sababu kiti changu kilikuwa kitupu. Watu walianza kuwa na intaneti kutwa nzima na kusahau walichoitafutia. Vikaratasi viliisha. Nilimuuliza mteja wangu wa zamani, yule wa kwato za ng'ombe, kama bado anatafuta mambo ya mifugo. Akanionyesha video ya ng'ombe anayecheza muziki. "Zinakuja zenyewe, Diploma," akasema. "Wala hutafuti." Aliendelea kuzipandisha kwa kidole gumba, moja baada ya nyingine, tukiwa tumesimama juani.

Na hakuna aliyejua tena akaunti yake. Simu inanunuliwa dukani, kijana wa duka anaijazia barua pepe aliyoibuni papo hapo, mwenye simu anaondoka hajui hata inaitwaje. Simu ikipotea, picha za harusi na za marehemu zinapotea nayo. Waliofunguliwa akaunti na mimi, simu zao ziliingizwa nywila mara moja, zikaikumbuka kwa niaba yao, na wao wakanisahau. Kaunta buku nililiweka kabatini. Kompyuta zikabaki mbili, kisha nikawa nauza fotokopi na kufunika vyeti kwa plastiki.

Ilipofika wakati wa kusajili laini zote kwa alama za vidole, nilisajili yangu ya binafsi. Ile ya ofisi ilikuwa haijalia kwa miezi. Niliitazama, nikaitupa kwenye droo. Laini isiyosajiliwa hufungwa, na baadaye namba yake huuzwa kwa mtu mwingine. Nilijua hivyo vizuri kuliko mtu yeyote Bariadi, na bado sikufikiri hatua moja mbele.

Alhamisi moja, alasiri, Minza aliingia dukani. Yule yule aliyeshika kamba ya mtamba. Alikuwa amemaliza chuo cha uuguzi na kukaa nyumbani miaka miwili akipalilia pamba ya baba yake. Barua pepe yake nilimfungulia mimi alipomaliza kidato cha nne, na ndiyo aliyoitumia kuombea chuo na kazi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mayu. Umekonda."

"Mjomba, nimeitwa kazini." Hakuwa anatabasamu. "Hospitali ya binafsi, mbali. Tuliomba wengi. Wenzangu wawili wamesema kwenye grupu kwamba barua zimetumwa kwenye barua pepe, na kila mtu abonyeze kiungo chake kuthibitisha. Mwisho kesho, saa kumi alasiri."

"Basi bonyeza."

"Simu yangu imedumbukia kwenye birika la kunyweshea ng'ombe. Hii ni mpya. Inataka pasiwedi, na mimi sikuwahi kuijua."

Nikacheka. Nitawaambia ukweli, nilifurahi. Nilifungua kabati, nikatoa kaunta buku, nikapuliza vumbi kwa madaha kama mganga. Nywila ilikuwepo, kwa mwandiko wangu. Minza aliiandika, ikakubali. Kisha skrini ikasema haiitambui simu hii, na kwamba namba sita zimetumwa kwenye simu inayoishia na tarakimu mbili ambazo nilizijua kama ninavyojua jina langu.

Niliipiga namba yangu mwenyewe. Ikaita. Akapokea mwanamke mtu mzima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Naitwa Diploma, niko Bariadi. Kuna namba sita zimeingia kwenye simu yako sasa hivi. Naomba unisomee."

"Nikusomee?"

"Ndiyo, mama. Ni za mtoto hapa, anataka—"

"Mtoto kalazwa, eti? Au kakamatwa na polisi? Leo mmekuja na hadithi ipi?"

"Mama, hii namba ilikuwa yangu."

"Na hela zangu nazo zilikuwa zako! Tapeli mkubwa, hata aibu huna, unaanza na shikamoo!"

Akakata. Nilipopiga tena alikuwa ameshanifungia. Minza akapiga kwa simu yake. "Mama, naomba unisikilize, mimi ni mtoto wa kike—"

"Ahaa! Sasa wameleta na mwanamke!"

Mlangoni kwangu, kwa ndani, kulikuwa na karatasi niliyoibandika kwa mkono wangu: Usimtajie mtu namba zinazotumwa kwenye simu yako, hata akijifanya ndugu.

Asubuhi ya Ijumaa nilifanya hila ambayo nyote mnaijua: nilianza kumtumia hela kwa simu, na kabla ya kuthibitisha jina lake likatokea. Nikapigia watu niliowahi kufanya nao kazi. Kufika saa nne tukajua ni Mama Holo, muuza mbegu na mabomba ya kunyunyizia pamba, Nyalikungu, mjini Maswa. Tukapanda basi na kaunta buku likiwa kwenye mfuko wa rambo. Tulifika saa saba. Duka lilikuwa limefungwa.

"Kaenda msibani, kijijini," alisema jirani yake. "Atarudi tu. Simu kazima."

Tukakaa kwenye benchi mbele ya kufuli. Saa nane. Saa tisa. Niliongea sana, kama kawaida yangu. Nilimsimulia jinsi nilivyoanza na kompyuta tatu, jinsi walivyonicheka. Minza alikuwa na simu mkononi. Ilipofika saa kumi aliitazama, akaitia kwenye mkoba, akafunga zipu.

"Tungeondoka tu, mjomba."

"Tusubiri. Mitandao huwa inachelewa kufunga." Nilisema hivyo. Mwenye stashahada ya kompyuta.

Mama Holo alikuja saa kumi na moja, na kanga yake ya msibani. Alitaka kuita watu. Nilitoa kaunta buku nikamwekea mapajani. Alilinganisha namba ya jaladani na namba ya simu yake, tarakimu moja moja, kwa kidole. Kisha akaniangalia na uso ukabadilika.

"Kumbe zile namba sita ni zako?" akasema. "Zinakuja kila wiki. Tangu ninunue hii laini, mwaka wa tatu sasa. Nilijua ni matapeli. Nafuta."

"Zote?"

"Zote, baba. Nifanye nini?"

Nilitazama lile kaunta buku. Kurasa zimejaa, pande zote mbili.

Tuliomba namba nyingine, akazisoma taratibu, na akaunti ikafunguka. Barua ilikuwepo, imekaa siku tano. Jina lake kamili, hongera, siku ya kuripoti. Minza akabonyeza kiungo. Muda wa kuthibitisha umepita. Jumatatu tulipowapigia watu wa hospitali walituongelesha vizuri sana: nafasi ilikuwa imekwenda kwa aliyefuata.

Pale dukani Mama Holo alianza kulia. "Jana ningekusomea tu, mwanangu."

"Hukukosea, mama," Minza alimwambia. "Ndivyo tulivyofundishwa." Akanigeukia. "Mjomba, kwa nini uliweka namba yako?"

Jibu nilikuwa nalo tayari. "Ulikuwa huna laini, mayu."

"Baba alikuwa na simu ya kitochi. Namba yake haijabadilika mpaka leo."

Njia nzima ya kurudi Bariadi nilipekua kaunta buku, nikihesabu majina.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu hii ndiyo sababu ya kuandika. Nilifunga duka na kupita na lile kaunta buku, jina kwa jina, miezi kadhaa. Nilipanga na Mama Holo: nikimpigia, anasoma. Wengine walikuwa wamehama. Wengine walikuwa wamekufa, nikasimama mbele ya wajane nikieleza kwamba marehemu ana barua zisizosomwa. Wengi walisema, "Barua pepe? Mimi sina hiyo kitu," huku simu iko mkononi, video zinapita. Mwalimu mmoja tulimfungulia, akasoma barua ya zamani ya nafasi ya masomo, akafunga, akaniuliza kama nitakunywa chai. Kila aliyekubali nilimwekea namba yake mwenyewe, nikakata jina lake kwa mstari mmoja. Hakuna aliyenitukana. Ingekuwa afadhali.

Jenereta, mashine ya fotokopi na viti niliviuza. Kompyuta zilinunuliwa kwa kilo. Chumba nilikirudisha kwa watoto wa Mama Kulwa, nikiwa nimekipaka rangi na kuitengeneza ile meza mguu. Wamekipangisha kwa wauza kava na chaja. Mjomba wa Kimali nilimpelekea ng'ombe wake wawili. Mtamba mwekundu nilimtafuta minada mitatu, maana nilitaka rangi ile ile.

Nilimfikisha Migato asubuhi. Mzee Luhende amezeeka, anatembea na fimbo. Alimzunguka yule mtamba, akamfungua kinywa, akampapasa mgongo.

"Huyu ni mzuri kuliko niliyekupa."

"Umenisubiri sana, baba."

Akatoa miti ya mlango wa zizi, mtamba akaingia. Akairudisha miti mmoja mmoja. "Ng'ombe tumemalizana," akasema. Kwa hesabu ya watu wote walionicheka na walionikopesha, siku ile sikuwa nadaiwa na mtu.

Minza alitoka shambani, jembe begani, akanisalimia kama siku zote. Alisema kuna hospitali nyingine imetangaza nafasi, na amejaza maombi yote kwenye simu, bado kutuma.

"Niangalizie, mjomba, kama nimepatia."

Nikachukua simu. Nilivaa miwani. Nikasoma jina, chuo, mwaka, anwani, taratibu na kwa sauti, kama Mama Kulwa alivyonifundisha. Penye namba ya simu alikuwa ameweka yake, na chini yake, penye namba ya pili, ya baba yake. Niliendelea mpaka mwisho, nikarudi juu, nikasoma tena, natafuta kosa la kusahihisha. Halikuwepo.

Nikamrudishia simu yake, akatuma mwenyewe.